Tuba Yangu na Tuba ya Casimir

Jumapili, 2 Juni 2024
Leo kanisani amekuja Casimir, yule bwana wa hifadhi ya samaki kule ziwani, kwenye mawe. Anatafuta mlinzi wa kushuka majini kuhesabu viota vya samaki kuhe — hapo kuvua ni marufuku. "Nani anajuaka masque na tuba?" Mimi! Mikono yote miwili juu! Miaka tisa napiga tuba, lile tarumbeta kubwa, kwenye fanfare, bendi ya kanisa. Masque? Ya korona bado ninayo. Kanisa zima likapiga makofi. Rosette, soprano wa kwaya, akageuka, akanitazama. Mara ya kwanza!

Jumanne, 4 Juni
Nimefika ziwani, tuba nimeipakia kwenye pikipiki. Casimir: "Hii iko nini?" Tuba, nikamjibu. Akatoa mfukoni kibomba cha plastiki kilichopinda. "Tuba iko hii, papa! Ya kupumulia mu maji." Alicheka mpaka akakaa mchangani. Na mimi nikacheka, ha ha. Kuogelea sijui! Nimekulia Lulimba, kwenye mihogo, mbali na ziwa. Nikakipokea kibomba kama fundi. Jumamosi kwaya yote inakuja kutazama nikizamia.

Alhamisi, 6 Juni
Mazoezi nyumbani, kichwa ndani ya beseni la kufulia. Pumzi ninayo! Rosette akapita. "We Kwizera, unatafuta nini mu bassin?" Aibu tupu.

Ijumaa, 7 Juni
Ziwani, maji ya kifua, nimekumbatia jiwe. Jamani! Samaki wa bluu, wa njano, wenye mistari kama pijama. Kuhe mmoja, mama anayelinda mayai, akanijia usoni — pu! kwenye kioo cha masque ya Casimir. Nikapiga yowe ndani ya kibomba, ikatoka noti ya tuba yangu, "si bemoli", safi kabisa. Kuhe nimemla miaka yote, hajawahi kunitazama. Nimempenda. Kazi hii naitaka kweli.
Casimir anasema kesho ni kwenye kina. Nikajibu: hakuna shida. Mjinga mimi!

Jumamosi, 8 Juni
Naandika ndani ya mtumbwi. Chini sioni mwisho. Nimeomba gilet, fulana ya kuelea, Casimir akacheka: "Muntu wa tuba anavaaka gilet?" Rosette, kando yangu, amevua yake — eti inakunja nguo mpya. "Mi sijue kuogelea, lakini nikianguka, Kwizera atanitoa." Yesu wangu! Nikamwambia: vaa. "Juu ya nini?" akauliza sababu. Kabla sijajibu, Casimir kanishindilia kibomba mdomoni. Anahesabu, kwenye tatu niruke. Moja. Daftari hili sijawahi kumwonyesha mtu. Naandika kwa herufi kubwa, namgeuzia Rosette asome: HATA MIMI SIJ