Chupa Imepasuka

Kaka mpendwa,

Jikoni tumepaka chokaa, na paka amerudi. Wifi anakula kidogo kidogo.

Uliuliza ilikuwaje. Jumatatu asubuhi nilikuwa nasoma, akaniita, "Wifi, chupa imepasuka!" Nikaja na ufagio, nikidhani ni ile ya chai. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chupa ya mtoto, wewe! Maji yanamwagika."

Kisha akaniuliza, "Ila uchungu bado. Twende hospitali au tusubiri? Si wewe ndiye Profesa wa kaka yako?"

Sikujua, Kaka, na niliona haya kusema sijui. Nikamwambia tusubiri uchungu uanze.

Tulisubiri siku mbili, mpaka homa ikampanda. Mkunga alisema chupa ikipasuka mtu huja siku hiyohiyo, hata kama haumwi. Mwanao alizaliwa, hakulia.

Najua Wifi amekwambia kwamba yeye ndiye aliyekataa kwenda. Amenisitiri tu. Chupa ya chai ingali nzima mezani, nami siwezi kuigusa.

Mdogo wako, ambaye tafadhali usimwite tena Profesa.