Mchezo Uliokatika Magomeni

Mikumi, 5 Juni 2024

Dada Ziada,
Shikamoo. Mimi mzima. Sijui wewe, shemeji Beda na watoto hapo Masanze. Jumamosi nakuja Kilosa. Timu yetu ya chesi inafunga ligi na timu ya Magomeni, ya hapo Kilosa mjini. Nimepangiwa Lenku, yule kijana wa wafugaji. Akiwa na kete nyeusi hufungua kwa mtindo uitwao Sisilia, na Sisilia yake haina sare: uchinje au uchinjwe. Nami sare siitaki.

Mdogo wako,
Mudathir

Masanze, 7 Juni

Marahaba mdogo wangu. Mimi mzima, nyumba ndiyo si nzima. Juzi ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu. Beda alipowafukuza alikatwa sime begani, mfupa ukaonekana. Amelazwa. Aliyemkata ni Ntutu, kaka yake Lenku. Vijana huku wananoa mapanga. Kaniulie huyo Lenku kwenye ubao, na mkono wake usiushike.

Dada yako

Mikumi, 16 Juni

Shikamoo dada. Shemeji anaendeleaje? Mwandiko uvumilie, natumia mkono wa kushoto.

Sikumpa Lenku mkono. Nilirusha vitunda vyangu, zile kete ndogo za mbele, kubomoa ukuta wa mfalme wake. Naye akatoa kafara kete yake ya ngome ili ale farasi wangu, mfalme wangu akabaki uchi. Kila mmoja alikuwa karibu kummaliza mwenzake. Akaninong'oneza, "Shemeji yako yu hai?"

"Cheza," nikamwambia.

Hakucheza tena. Vijana wa huko kwenu waliingia na marungu, wakampiga kichwani, akaangukia kete. Sijui nini kilinituma, nikamlalia. Rungu lililofuata likanivunja mkono. Aliyelishika ni Nickson, mdogo wake Beda.

Ushindi waamuzi wametupa sisi. Lenku hajazinduka. Polisi wananiuliza, sijamtaja mtu. Nifanyeje?

Mdogo wako

Stendi ya Kilosa, 2 Julai

Marahaba Mudathir. Pole na mkono. Beda katoka hospitali, kidonda cha bega kinafunga. Lenku alifariki Jumapili.

Nickson amekuwa akila kwangu kila siku, watu wakimsifu. Jana nilimuuliza mbele ya kaka yake, "Ulijua ni Mudathir unayempiga?"

"Si alijilaza mwenyewe?" akajibu, akaomba aongezewe mboga.

Nikaliacha sufuria jikoni, nikaenda polisi, nikamtaja. Wamemchukua. Beda hasemi nami. Mama mkwe kanitupia nguo nje.

Barua hii inatangulia na basi la asubuhi. Mimi na watoto tunakuja na la mchana. Tutafutie godoro.

Dada yako,
Ziada