Spika Zisizovuma

Ole, Pemba
Februari 2001

Kaka yangu Turki,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu, miguu yake haijambo kidogo.

Spika mbili ulizotuma kutoka Maskati zimefika salama. Ni ndefu, zinanifika kifuani, na Mama keshazitandikia vitambaa juu. Ulitaka nikueleze ukweli kuhusu sauti yake. Kwa taarabu hazina mfano; fidla unaisikia kama mpigaji yumo ukumbini. Majirani wananisema: mdogo wake, Maher, kakimbilia Kenya, yeye anastarehe. Waache waseme.

Ila kisomo cha Qurani sikiweki tena. Juzi asubuhi walikuja askari wawili kumuulizia Maher, kwa yale maandamano ya mwezi uliopita. Nikaweka kanda ya kisomo na kuongeza sauti, nikijua Muislamu hasemi Qurani ikisomwa. Kweli, wakanyamaza. Lakini msomaji akimaliza aya hupumzika. Redio yetu ya zamani ilikuwa ikivuma pale, ikifunika kila kitu. Spika zako hazivumi hata chembe. Katika kimya kile, mtu akakohoa darini.

Nikakohoa na mimi, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka. Wakatazamana. Mmoja akaniambia, "Bi Thuraiya, nenda hospitali Chake," wakaondoka.

Tangu hapo nakohoa kila anapopita mtu.

Barua hii anakuletea Rahma kwa mkono wake, ukishaisoma ichome. Na tuma dawa ya kifua. Juu ya chupa andika jina langu.

Mdogo wako,
Thuraiya