Vidonge chini ya godoro la baba mkwe

Songea, Jumatano jioni

Miezi yote hii namuuliza baba mkwe, "Baba, unaumwa?" Naye, "Mzima tu, mama." Mzima! Jana nikitoa shuka zake nifue, nilikuta chini ya godoro rundo la pakiti tupu za vidonge vya kufungua choo, vile vinavyosukuma utumbo.

Muuza dawa kaniambia ni vya siku chache tu. Wiki ikipita bado unavihitaji, ukapimwe. Mzee alivimeza kila siku. Angeanzaje kumwambia mkamwana habari za choo?

Leo daktari kamuuliza kama anaona damu. Mzee akanitazama. Nikatoka, nikarudishia mlango. Ndipo nikamsikia: "Tangu tulipopanda mahindi."

Mahindi hayo tulishavuna. Unga wake unakaribia kwisha.