Kwa Fundi Makelele, Mtunzi wa Tarishi na Mabata

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ututoke, na kompyuta yako bado iko mezani. Tunaanza na hilo ili wasikie wale waliokuja msibani wakaanza kuuliza yale makorokoro yatatupwa lini. Hayatupwi.

Ulikuwa fundi redio. Hukumrudisha mtu mikono mitupu. Redio yake ikikushinda, ulimwazima yako. Lakini Jumamosi na Jumapili zilikuwa za michezo. Ulitunga michezo mipya kwa kompyuta iliyoacha kutengenezwa kabla hatujazaliwa, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni na kusoma mchezo kutoka kwenye kaseti. Kaseti ikianza kusomwa, mashine ilipiga mayowe nyumba nzima. Majirani wakakubandika jina la Fundi Makelele. Ulicheka, ukaongeza sauti.

"Mtu mzima na akili zako, unahangaika nini na mashine ya kale?" walikuuliza.

"Imezeeka, haijafa. Niacheni nayo."

Na watu wa mbali, usiowahi kuwaona, walikuandikia barua wakiulizia mchezo unaofuata.

Ulikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya mashine. Nafasi ni finyu, ulisema, kila herufi inakula. Ndiyo maana hukuandika jina lako kwenye mchezo hata mmoja. "Jina la nini? Hapo naweka bata mwingine."

Mchezo wako wa mwisho, wa tarishi anayepeleka barua huku akikimbizwa na mabata, uliuacha umekamilika kwenye kaseti moja. Siku ya mazishi Baba Mdogo akatafuta kaseti ya kurekodia hotuba, akaiona hiyo mezani, akaitia kwenye redio ya kurekodi, akabonyeza. Hotuba za kukusifu ndizo zilizofuta kazi yako. Tulilia upya, na Baba Mdogo hakula siku mbili.

Tukaambiwa basi, ndio mwisho wake.

"Mwisho wa nani?" Mama akauliza. Akavuta kutoka chini ya cherehani yake madaftari yako saba, mchezo mzima umeuandika kwa tarakimu, kwa penseli, mstari kwa mstari. Mama, ambaye hakuwahi kuigusa mashine yako, alisoma tarakimu kwa sauti kama anayeita vipimo vya suruali. Dada akazichapa kwenye mashine, mimi nikakagua. Baba Mdogo tulimruhusu kuchonga penseli tu. Tarakimu moja ilikosewa, tarishi akawa anapaa juu ya mapaa na barua zake, tukarudi nyuma madaftari mawili. Miezi minane, Baba.

Mwezi uliopita mashine ikapiga mayowe, na mchezo ukafunguka. Tulipiga makofi kama wehu.

"Sasa andikeni jina lake," Mama akasema.

"Nafasi imejaa, Mama."

"Toeni bata."

"Mwenyewe alikataa."

"Miaka thelathini na moja nimemkubalia mengi. Hili simkubalii. Toa bata."

Bata mmoja ametoka, Baba. Mchezo ukifunguka, kitu cha kwanza kuonekana ni FUNDI MAKELELE, kwa herufi kubwa. Kaseti zimeshatumwa kwa wote waliokuandikia. Ukikasirika, umechelewa.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, na mdogo wako anayeomba radhi tena. Daima tutakukumbuka, na sauti hatupunguzi.