Chumvi ya Zuhura

Alhamisi, baada ya isha

Wali wa nazi wa Zuhura ulinukia hadi chumba cha sanaa. Mtihani wa upishi ni wangu kuusahihisha, lakini nilimwita Mutua, anayefundisha kuchora, aonje badala yangu.

“Nimefunga,” nilimwambia. Alhamisi, siku ya funga ya sunna, nani angeshuku?

Alionja, rangi zikiwa bado vidoleni. “Chumvi imezidi kidogo, Bi Salma.”

Nikamkata Zuhura alama mbili. Mtoto alikwenda Marikiti alfajiri kuchagua nazi.

Sikuwa nimefunga. Tangu mama afariki, chumvi na sukari ulimini mwangu ni mamoja. Hata kulia sijalia.

Kengele ilipolia, Zuhura aliniletea sahani, kaifunika vizuri. “Ya futari, mwalimu.”

Nimeumaliza wali wote sasa hivi, na bado sijui kama Mutua alisema kweli.