Mama Amewatoa Wazungu Bwawani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nitaumbuka. Tangu hoteli ya watalii ijengwe huku kwetu Kitangari, ukingoni mwa mlima, barabara imechongwa, taa zinawaka, na mimi nimepata kazi ya kutunza bwawa la kuogelea, ila nilishindwa kumwambia mama kwamba nalipwa kutunza maji ambayo watu wanaingia tu kucheza, yeye ambaye amenilea kwa ndoo moja kutwa, tunanawia, kisha yale yale tunamwagilia mchicha, basi nikamwambia natunza tangi kubwa la maji, naye akajisifu mtaa mzima. Wiki iliyopita akaja bila taarifa, na korosho zake za kuchoma, akamkuta mzungu na mkewe wanapiga mbizi, akapaza sauti, "Tokeni humo! Watu watakunywa nini?" Wakatoka wote wawili wanachuruzika, mzungu anaomba radhi kwa mikono, nami kwa woga nikasema, "Mama, huyo ni fundi, anakagua kama tangi linavuja." Akauliza, "Na huyo mwanamke?" Nikasema ni msaidizi wake. Mama akawapa pole ya kazi, akawagawia korosho, wakala wakicheka wote watatu. Sasa anasema fundi ameshamaliza, kwa hiyo Jumamosi anakuja na akina mama saba na ndoo zao kuteka. Nikiwazuia atajua nilimdanganya, nikiwaruhusu kazi sina. Nifanyeje?

Dauda, Kitangari

Dauda mwanangu, marahaba. Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, tukacheka upya. Nilipomaliza nikakukasirikia. Fundi na msaidizi wake! Ulimi wako unakimbia kuliko akili.

Mama yako hajakosea popote. Huko mlimani maji mengi kiasi hicho yakikaa pamoja, ni ya kunywa. Uliona haya kumwambia, na hilo nakuelewa, lakini umemwacha ajisifu kwa kitu ambacho hakipo. Wale saba wakirudi na ndoo tupu, atakayechekwa ni yeye, si wewe. Hukuliwaza hilo?

Leo hii ukitoka zamu nenda kwake, kaa chini, mwambie bwawa ni la kuogelea na maji yake yana dawa, asiyanywe mtu. Atakugombeza. Nyamaza, unastahili. Kesho asubuhi mwone meneja, mweleze yote, hata habari ya korosho, umwombe akina mama wale wateke kwenye bomba la bustani. Akisitasita, mtafute yule mzungu akusemee, ameshakula vya kwenu.

Na Jumamosi usisimame getini na sare yako ukiwaangalia. Ndoo ya mama yako ibebe wewe, kichwani, mchana kweupe, mwanaume mzima, mpaka ndani kwake. Majirani watacheka sana, naye atawaambia, "Huyo ni mwanangu, ananiletea maji," na safari hii atakuwa anasema kweli tupu.